Nyota ya Usiku wa Pili

Renatus Mayala ananijua kupita kiasi. Anajua kwamba nikikasirika sigombi mara moja. Kwanza napanga vitu. Kwa hiyo Ijumaa ile, aliponiona nimeanza kuvipanga vikombe vyake vya sampuli kwa ukubwa, kimoja baada ya kingine, alijua mambo yameharibika.

Tulikuwa katika maabara ya chama cha wafugaji nyuki pale Isevya, chumba kimoja chenye dirisha la wavu, meza ndefu na mashine moja tu ya maana. Umeme ulikuwa umekatika kwetu Chemchem tangu alfajiri, nami nilikuwa na makala ya kumaliza kabla ya Jumatatu, nikabeba kompyuta yangu kwenda kuomba umeme wake wa sola. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebakiza wiki nne Tabora, na kila saa niliyokaa mbali na Renatus niliiona hasara.

Sisi wawili tulikutanishwa na grafu. Mwaka juzi, nilipokuja likizo kutoka Uholanzi ninakosomea mambo ya nyota, niliingia pale kununua asali ya kumpelekea profesa wangu. Nikamkuta kijana mrefu, shati limejaa harufu ya moshi wa mizinga, ameinamia kompyuta anasoma mstari unaopanda na kushuka. Nikamuuliza ni nini. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mteja, kwamba mashine inapiga mwanga wa infraredi, ule ambao jicho haliuoni ila ngozi inausikia ukikaa karibu na jiko la mkaa. Kwamba maji yaliyomo ndani ya asali humeza sehemu fulani ya mwanga huo na kuacha shimo kwenye grafu. Na kwamba shimo likiwa refu mno, asali hiyo ni mbichi, itachacha njiani. Nilimwacha amalize yote. Kisha nikamwambia mimi napima galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, kwa mwanga huohuo. Aliona haya mpaka masikio, halafu akacheka, na kicheko chake kilianzia machoni kabla hakijafika mdomoni. Asali niliisahau mezani.

Sasa, Ijumaa ile. Jumapili yake wazee wa Renatus walikuwa waje kwetu kuleta posa, wakiongozwa na mshenga wao, mzee Valentino. Shangazi yangu Zabibu alikuwa ameshafika kutoka Nzega na vitenge vyake viwili vipya. Mama hakuwa amekataa. Alisema, "Waje, tuwasikilize," na kwa mama yangu maneno hayo yako karibu sana na kukataa. Hakuwa na chuki na Renatus. Alichokuwa nacho ni hofu ya mwanamume yeyote ambaye angesimama kati yangu na ile nafasi ya miaka mitatu niliyopewa kule ng'ambo.

Nafasi yenyewe, nilivyoamini mimi, ilitokana na mstari mmoja. Ipo galaksi moja ya mbali, imejaa vumbi kiasi kwamba darubini za kawaida haziambulii kitu. Infraredi hupenya vumbi. Wote waliotutangulia waliitazama wakasema ni wodi ya wazazi tu, nyota zinazaliwa humo kwa maelfu, hakuna jingine. Mimi nikaona kwenye grafu kilima kidogo ambacho nyota changa haziwezi kukitoa. Kinatoka penye fujo kubwa zaidi: katikati ya galaksi, palipo na shimo jeusi linalomeza kila kinachokaribia. Nikawaambia wenzangu, wakashangilia. Makala ilikuwa itumwe Jumatatu, jina langu likiwa la kwanza.

Nilimwonyesha Renatus kwa majivuno, sitaficha. Nilitaka aone. Akaja akasimama nyuma yangu, mkono mmoja kwenye kiti changu, karibu kiasi cha kunifanya nisahau nilichokuwa nataka kusema.

"Huu ndio mstari wenyewe?"

"Ndio huo. Haka kalima hapa."

Akakatazama kwa muda mrefu. Nikageuka kumwangalia, nikaona macho yake yameacha kucheka. Akauliza kama mahali pale palikuwa karibu na pale maji yanapomeza mwanga. Nikamwambia ndiyo, hewa ya dunia ina mvuke wa maji, nao humeza hapo, lakini tunausahihisha: tunapima pia nyota moja tunayoijua vizuri, nyota ya rejea, tunaona hewa imemeza kiasi gani, kisha tunaigawanya grafu ya galaksi kwa grafu ya nyota hiyo. Nilimweleza haraka haraka, kama mtu anayeulizwa jambo la darasa la kwanza.

"Asnath," akasema taratibu, "hiyo nyota uliipima usiku uleule?"

Nikaanza kupanga vikombe.

Tulikuwa na darubini usiku mbili, kule kwenye milima ya Chile. Usiku wa kwanza hewa ilikuwa kavu, nikaipima galaksi yangu vizuri. Nyota ya rejea ya usiku huo niliipima mwishoni, imeshainama chini, mawingu yanaanza, na kipimo chake kikatoka hovyo. Nikachukua nyota ya usiku wa pili, safi na angavu. Niliandika pembeni kwenye daftari, "Rudia hili baadaye." Miezi minane ilipita. Baadaye haikufika.

Renatus akanisimulia, bila kuulizwa, habari ya masika ya mwaka wake wa kwanza. Asubuhi moja alikuwa na haraka, akatumia kipimo cha rejea cha jana yake badala ya kupiga kipya. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, unyevu umejaa chumbani. Mapipa kumi na mawili ya asali mbichi yakasomeka makavu. Yakasafirishwa kuelekea bandarini kwa njia ileile waliyopita wapagazi wa zamani na nta zao vichwani, na kabla hayajafika mbali yalichacha mpaka vifuniko vikafumuka. Ilimbidi aende kijiji kwa kijiji kuwaambia wafugaji nyuki kwamba kosa lilikuwa lake.

"Kama hewa ya usiku wa pili ilikuwa na maji mengi," akasema, "ukigawanya kwa nyota yake utakuwa umesahihisha kupita kiasi. Palipo na shimo patainuka. Patakuwa kilima."

Alikuwa anasema kweli, na mwili wangu ulijua kabla ya akili yangu kukubali. Hapo ndipo hasira ilipopanda.

"Jumapili wazee wako wanakuja," nikasema. "Na Ijumaa wewe unagundua kwamba kazi inayonipeleka mbali ni ya uongo. Umepanga vizuri."

"Ningeweza kunyamaza."

"Si ungenyamaza."

"Ungesimama mkutanoni mbele ya watu mia tatu, na mmoja wao angekuuliza swali hilihili. Baadaye ungejua kwamba mimi niliona nikakaa kimya. Hapo ningekuwa nani kwako?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kuchagua, na nikachagua baya kuliko yote.

"Wewe ni mpima asali, Renatus. Pima asali."

Alivichukua vikombe nilivyovipanga, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake pa zamani. Nilitaka kumshika. Badala yake nilichomoa waya wa kompyuta na kuondoka.

Mama alikuwa uani anachambua maharage ya Sabato, maana kwetu jua la Ijumaa likizama hakuna kupika wala kazi. Nikamweleza kila kitu isipokuwa neno langu la mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huanza hivyo. Hawakukatazi kwenda. Wanakuonyesha tu kwamba huwezi." Shangazi Zabibu, aliyekuwa anapiga pasi kitenge chake cha posa, hakusema kitu, na mtu akimwona shangazi yangu amenyamaza ajue kuna jambo.

Saa kumi na moja ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Nimeusoma mara nyingi, naukumbuka neno kwa neno. "Asnath, nimewaomba wazee wasije Jumapili. Sitaki posa yangu na swali langu vikae kwenye mizani moja, ukashindwa kujua ni kipi kinachokuvuta. Pima, halafu amua kuhusu kazi yako. Mimi nitoe kabisa kwenye hesabu hiyo."

Nikaficha simu chini ya mto na kwenda kula.

Kesho yake, Jumamosi, tulisali, tukarudi, tukala chakula cha jana. Mama akajinyoosha kitandani kama kawaida yake baada ya ibada. Mimi nikaketi chumbani kwangu, na kwa mara ya kwanza maishani, ndani ya nyumba ya mama yangu, nikafungua kazi siku ya Sabato.

Nilichukua ile nyota hovyo ya usiku wa kwanza. Nikaisafisha kadiri nilivyoweza, nikaigawanya galaksi upya kwa nyota hiyo. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja. Grafu ikatokea, na pale palipokuwa na kilima changu palikuwa tambarare. Nikarudia. Palikuwa tambarare. Nyota changa zilikuwepo, zote, alama zake zimejaa kila mahali kama waliotutangulia walivyosema siku zote. Shimo langu jeusi lilikuwa mvuke wa maji wa usiku mmoja wenye unyevu.

Niliinua kichwa nikamkuta mama amesimama mlangoni na khanga yake ya kulalia. Aliiona kompyuta. Nilingoja anikemee. Akaja kukaa kitandani kwangu.

"Yule kijana alisema kweli?"

"Alisema kweli, mama."

Ndipo mama yangu Recheli, ambaye hakuwahi kumsema vibaya marehemu baba mbele yangu, akanieleza jambo. Nilijua tu kwamba aliwahi kupata nafasi ya chuo cha ualimu, asiende. Sikujua kwamba aliisoma barua vibaya. Tarehe ya kuripoti aliiona ya mwezi unaofuata. Baba, ambaye wakati huo alikuwa mchumba wake, aliisoma barua hiyohiyo, akaona kosa, akairudisha kwenye bahasha.

"Aliniambia mwenyewe," mama akasema, "mwaka wa kumi wa ndoa yetu. Alinyamaza kwa sababu kosa langu lilimfaa. Nikamsamehe, maana alikuwa mwema kwangu. Lakini tangu siku hiyo nilimwogopa kila mwanamume atakayekupenda wewe."

Nikamshika mkono.

"Huyu wako kasema," akaendelea, "tena kafuta posa ili asile faida ya alichokisema. Mimi nilimhukumu kwa kesi ya mtu mwingine. Wewe ulimjibuje?"

Ikabidi nimweleze lile neno. Mama alifumba macho, kama mtu aliyechomwa mwiba.

Sabato ilipofungwa niliwaandikia wenzangu wote. Niliandika wazi: mstari haupo, kosa ni langu, naomba makala isitumwe. Nilipobonyeza, nilikuwa nimeshaizika safari moyoni. Profesa akajibu kabla sijamaliza chai. Alisema afadhali nimeligundua mimi kuliko mtu wa nje, nafasi yangu haikutegemea kilima kimoja, nifike tarehe ileile, tuombe darubini upya na safari hii tupime nyota kila saa. Akauliza pia ni nani aliyeniuliza lile swali. Nikamjibu kwamba ni mtaalamu wa infraredi wa Tabora. Nililia nilipokuwa naandika hivyo, kwa sababu ndivyo alivyo, nami nilimwita kitu kingine.

Kwa hiyo safari ilikuwa palepale. Aliyekuwa amepotea ni Renatus. Nilimpigia, simu haikupokewa. Nikapiga tena.

Jumapili asubuhi shangazi Zabibu alitoka amevaa kitenge chake kipya, kilemba juu, hina mkononi, kama vile wageni wako njiani. Nikamkumbusha kwamba hawaji. Akasema anajua, hakutoka Nzega kuja kuangalia ukuta.

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akaniambia. "Wewe umejikwaa ulimi. Sasa dawa yake ni miguu. Vaa viatu, twende kwao."

Nikasema haijawahi kutokea, binti kwenda kwa wakwe kuulizia posa. Mtaa mzima ungetucheka. Nilimtazama mama, nikitegemea atanitetea. Mama akanikabidhi mtandio wake mzuri, ule wa kanisani.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Ukirudi na aibu, utaniletea mimi nusu."

Kwa kina Renatus ni Isevya hiyohiyo, nyuma ya maduka. Mama yake, mama Adelina, alikuwa amerudi misa ya kwanza, amekaa kwenye benchi uani anabangua karanga. Shangazi akamsalimu kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka, mayu," wakaulizana hali kama desturi. Mimi nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. Akaagiza kiti kimoja kiletwe, akapewa shangazi. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, na mtandio wa mama yangu, na jua usoni.

Renatus akatokea mlangoni. Alikuwa hajanyoa, shati amelifunga vifungo kombo. Tukatazamana. Siku mbili tu zilikuwa zimepita, na niliona wazi kwamba hakuwa amelala vizuri hata moja. Nilisahau hotuba yangu yote.

"Nimesikia safari yako imeharibika," mama Adelina akasema, akiziambia karanga. "Ndiyo umemkumbuka mwanangu. Alikuwa mpima asali Ijumaa. Leo ameshakuwa mtu?"

Nilistahili. Hata shangazi, ambaye hana maneno ya kukopa, alikohoa tu.

"Haijaharibika, mama," nikasema. "Naondoka baada ya wiki nne, kwa miaka mitatu. Kilichoharibika ni kazi yangu ya miezi minane, na aliyeona kosa ni Renatus. Nilimtukana kwa sababu alisema kweli nami niliogopa. Nimekuja kuomba radhi mbele yako kwa sababu neno lile linakugusa na wewe uliyemlea. Halafu nimekuja kumwomba anisubiri. Najua sina haki ya kuomba, lakini nampenda, na sitaki kuondoka bila kulisema hilo kwa mdomo wangu."

Mikono ya mama Adelina ikatulia juu ya ungo.

"Mwanamume amsubiri mwanamke? Miaka mitatu?"

Hapo shangazi Zabibu akajiweka sawa kitini. Akasema mama Adelina ni Mnyamwezi kama yeye, na wote wawili wamesikia kwa bibi zao kwamba zamani kijana hakupewa mke mpaka aende pwani na mzigo wake na kurudi. Alikwenda akiwa mtoto, akarudi mtu. Wengine walichukua mwaka, wengine miwili, na wasichana walingoja nyumbani, wakilima.

"Siku hizi wanaokwenda mbali ni wasichana," akamaliza. "Je, wanaume wa Unyamwezi hawana subira waliyokuwa nayo bibi zetu? Basi leo nitauliza mimi lile swali ambalo tungeulizwa sisi." Akamgeukia Renatus. "Baba, unamfahamu binti huyu aliyesimama hapa?"

Swali hilo huulizwa mwali, siku ya posa, mbele ya wageni. Akisema hawafahamu, wageni hunyanyuka na kuondoka. Sikuwahi kusikia likiulizwa mwanamume. Nikaona kwamba maisha yangu yote yako mdomoni mwa mtu niliyemkosea.

Renatus alishuka kibarazani akaja kusimama karibu nami. Hakunigusa.

"Namfahamu, shangazi."

"Na asiporudi?" mama yake akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mama anayeogopa.

"Mama, alikuwa na ushindi mkononi, na hakuna aliyejua una kasoro ila mimi na yeye. Mimi nilikuwa nimeshamwachia. Angeweza kukaa kimya akapanda ndege. Ameuvunja mwenyewe, siku ya Sabato, nyumbani kwa mama yake." Sijui nani alimwambia habari ya Sabato, nadhani ni shangazi, aliyenyamaza sana siku zile. "Mtu wa namna hiyo akisema atarudi, mimi sihitaji shahidi mwingine. Nitasubiri."

Nilimwangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Hakujaribu kuyaficha mbele ya mama yake.

Mama Adelina akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu tuingie, kuanzia viatuni hadi kwenye mtandio.

"Miaka mitatu," akasema.

"Mitatu, mama."

"Mimi nitakuwa nimezeeka. Utaniandikia mimi pia, si yeye peke yake. Na ukikosea, uniambie kama ulivyoniambia leo."

"Nitakuambia."

Akauinua ungo wa karanga, akauweka mapajani, na kusogea mwisho wa benchi ili nipate nafasi. Nikakaa karibu naye. Akaanza kubangua tena, na baada ya muda akanimiminia karanga kiganjani, fungu langu la kubangua, na ndipo machozi niliyokuwa nimeyazuia mbele yake yakanitoka.